Maswali ninayoulizwa kila nikivaa ile tisheti ya milia minne: hadikoo panki na ujana wetu wa Moshi

Nimechoka kujibu hivi vitu kimoja kimoja. Nikipanda daladala na ile tisheti mtu ananiuliza, nikiwasha mziki nyumbani jirani anagonga, na madogo wa kitaa wakishasikia kwamba zamani tulikuwa na bendi ndo kabisa hawaniachii. Kwa hiyo nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia. Ukikuta swali lako lishajibiwa, usinipigie.

## Ya mwanzo kabisa

Hiyo milia minne ni ya mtandao gani wa simu?

Sio mtandao. Lakini sikulaumu, maana hata mimi nilidhani hivo hivo siku naichomoa kwenye rundo la mitumba pale Memorial, hapa Moshi, mwaka 2004. Tisheti nyeusi, shingo imelegea, kifuani milia minne myeupe imesimama wima haijalingana, moja juu moja chini, nikajua tu hii ni promosheni ya laini. Muuzaji alitaka buku, tukavutana wee mpaka akaniachia kwa mia saba. Nikaivaa karibu mwaka mzima naitangaza bendi nisiyoijua.

Ni nembo ya Black Flag, bendi ya Hermosa Beach kule California, walianza 1976 wakijiita Panic. Aliyeichora ni Raymond Pettibon, mdogo wake Greg Ginn mpiga gitaa wa bendi. Ile milia ni bendera nyeusi inapepea, ila kaikata vipande vinne. Ukishaambiwa unaiona, kabla ya hapo unaona minara ya simu tu.

Hadikoo panki ni nini sasa? Panki si ile ya kunyoa?

Ile ya kunyoa imetoka huku huku, watu walichukua nywele mziki wakauacha hukohuko Ulaya.

Panki ilishika moto katikati ya miaka ya 1970, New York na London, gitaa chafu, nyimbo fupi, watu ambao hawajasomea mziki. Hadikoo ni wadogo zao waliokuja mwishoni mwa miaka ile kuingia 1980, wakasema hii panki imeshakuwa ya mapozi, wakaichukua wakaiongezea spidi, wakaikatia kila kilichozidi. Hakuna solo ndefu wala kinanda, na sahau viitikio vitamu. Gitaa, besi, dramu, na mtu mmoja anapaza sauti kama kaibiwa simu stendi.

Kitu ambacho mimi kilinigusa nilipokuja kukisoma baadae ni kwamba hawa hawakuwa watu wa katikati ya jiji. Black Flag ni watoto wa kamji ka ufukweni. 7 Seconds walitokea Reno, Nevada, kule jangwani. Yaani ni watoto wa sehemu ambazo saa mbili usiku maduka yashafungwa na kila mtu anamjua mama yako. Sisi wa Moshi hatukuhitaji kuelezewa hilo mara mbili.

Tofauti yake na mziki wa metali (heavy metal) ni ipi? Mi naona zote kelele.

Kwa haraka haraka: jamaa wa metali anataka uone anavyojua kupiga gitaa, jamaa wa hadikoo anataka na wewe uende ukapige. Baadae zilichanganyika sana, na ukisikiliza Discharge wa Uingereza, wale wa Stoke-on-Trent, utasikia mdundo wa dramu ambao watu wa metali waliuchukua kabisa kabisa, mpaka leo unaitwa di-biti kwa herufi ya jina lao.

Mbona wimbo unaisha kabla haujaanza?

Kwa sababu walikuwa wameshamaliza kusema. Minor Threat wa Washington wana wimbo wa sekunde 46, na huo ndo ulioanzisha mambo ya watu kuacha pombe dunia nzima (nimeeleza kule chini kwenye swali la pombe). Rekodi yao ya kwanza ya 1981 ina nyimbo 8 na zote pamoja hazifiki dakika 10. Mimi nilikuwa naisikiliza yote natoka nyumbani Soweto, Soweto ya hapa Moshi, hata stendi sijafika.

Mara ya kwanza unaona umeibiwa. Ukizoea, ukirudi kwenye nyimbo za dakika tano unajikuta unauliza huyu anasubiri nini.

Si mziki wa Wazungu huo? Mwafrika unatafuta nini huko?

Hili ndo naulizwa kuliko yote na ndo nalipenda.

Chukua Bad Brains. Washington DC, weusi wanne: H.R. anaimba, mdogo wake Earl Hudson kwenye dramu, Dr. Know gitaa, Darryl Jenifer besi. Walianza na jazi, alafu wakakutana na panki wakaipiga kwa spidi ambayo Wazungu wenyewe walibaki wameduwaa, na huku wakiwa Marasta, kwa hiyo katikati ya fujo wanatulia wanakupigia rege safi kabisa alafu fujo inarudi. Kumbi za kwao zikaanza kuwakataa, wakahamia New York. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1982 kwa kaseti tupu, sio sahani, kaseti, na kwenye kava radi inapiga jengo la bunge la Marekani, rangi za Rasta. Hao Wazungu wote unaowasikia, ukiwauliza nani aliwafundisha kupiga haraka, watakutajia hao.

Na kwenye bendi ya Dead Kennedys ya San Francisco, mpiga dramu D.H. Peligro alikuwa mweusi pia. Na Johannesburg, katikati ya ubaguzi ule, kulikuwa na National Wake, weusi na weupe kwenye jukwaa moja, albamu yao ni ya 1981. Na usiende mbali, hapo Nairobi tu wametoka Crystal Axis, na wametoka Duma ambao hao hata mimi nikiwaweka napunguza sauti kidogo.

Wanaimba nini? Mi sisikii hata neno.

Hata mimi nilikuwa sisikii, na Kingereza chetu cha kidato cha pili ndo usiseme. Tulikuwa tunatunga maneno ya kwetu juu ya yale yasiyosikika. Kwa kifupi wanaimba kuchukia polisi wanaowapiga bila sababu, kuboreka, marafiki waliowageuka, Rais Reagan, vita, na kujichukia wenyewe. Black Flag hasa hiyo ya mwisho.

## Ilivyotufikia

Kwani mliipata wapi mambo hayo Moshi?

Njia tatu, zote za ajabu.

Ya kwanza kibanda cha geimu. Kulikuwa na PlayStation, unalipa kwa dakika, na kati ya zile sidii za kopi kulikuwa na geimu ya Tony Hawk ya kuteleza na ubao wa magurudumu. Hakuna aliyekuwa anajua kuicheza, ila ilikuwa na nyimbo, mmoja wa Dead Kennedys, na mshkaji wangu aliyekuja kuwa mpiga dramu alikuwa analipia dakika kumi anaacha mchezaji kasimama tu, yeye anasikiliza. Mwenye kibanda alijua ana matatizo ya akili.

Ya pili ni wale Wazungu wa kujitolea, Moshi unajua wamejaa. Mmoja alikaa miezi mitatu jirani na kwetu, kijana mpole, anasalimia wazee "shikamoo" vizuri kabisa. Akaiona tisheti yangu akapiga kelele barabarani. Mimi nikajua kadai kaibiwa, kumbe tisheti ni ya bendi anayoipenda. Siku anaondoka akaniachia kaseti mbili alizorekodi mwenyewe, moja Black Flag na Minor Threat, nyingine Bad Brains. Hizo kaseti zilizunguka Soweto, Pasua na Majengo mpaka maandishi yakafutika.

Ya tatu intaneti kafe, na hii sio ya kusimulia sana, unashusha wimbo wa dakika moja kwa nusu saa, umeme unakatika ukiwa asilimia 90.

Kwa nini msingefanya hip hop kama machalii wa Arusha?

Aisee. Kilomita 80 tu hapo, na wao walikuwa na kila kitu. X Plastaz walishaanza tangu 1996, hip hop na uimbaji wa Kimasai ndani yake, wakazunguka nao mpaka Ulaya. Nako 2 Nako wanasikika redio zote. Chalii wa Ngarenaro akija Moshi anatembea kama kaleta barua ya serikali. Tulikuwa tunawapenda na tunawaonea wivu kwa pamoja.

Sasa sisi tungefanya hip hop tungekuwa watu wa Moshi wanaoiga Arusha, na hilo mtu wa Moshi hawezi kulikubali hata umpige. Pia hakuna kati yetu aliyekuwa anajua kuchana. Hadikoo haikuulizi kama unajua.

Mlikuwa na bendi kweli au stori za kijiweni?

Tulikuwa nayo. Watu wanne, miezi kama minane, 2005 kuingia 2006. Jina lilibadilika kila wiki kwa hiyo sitaji lolote.

Dramu zilikuwa za kanisa. Mshkaji alikuwa anapiga kwenye kwaya ya vijana, funguo za ukumbi anazo, tukawa tunaingia Jumamosi mchana kama tunafanya mazoezi ya kwaya. Gitaa moja la umeme la kuazima, lina nyuzi tano, ile ya sita tulishakubali haipo. Besi hatukuwa nayo, mshkaji wa besi alikuwa anapiga nyuzi za chini za gitaa kavu karibu na maiki. Amplifaya ya kanisa ilikuwa safi sana na hilo lilikuwa tatizo, sauti inatoka nzuri kama ibada. Ikabidi tufungulie sauti mpaka spika ianze kukwaruza, hapo ndo tukasema naam, sasa hii.

Tulipiga mbele za watu mara moja tu, kwenye mahafali ya shule ambayo naomba nisiitaje. Tuliandikwa kwenye ratiba kama kwaya. Wimbo wa kwanza watu walidhani mashine imeharibika, fundi mitambo akaja mbio kuangalia waya. Wimbo wa pili mwalimu wa zamu akaelewa kwamba haijaharibika, akachomoa plagi. Dramu hazina plagi, kwa hiyo mshkaji aliendelea kupiga peke yake kama sekunde ishirini hivi, ukumbi mzima umenyamaza unamwangalia, wazazi wameshika soda. Hizo sekunde ishirini ndo shoo nzuri kuliko zote nilizowahi kuona na nimeshaona nyingi.

Alafu 2006 ukaja ule mgao mkubwa wa umeme, maji yamekauka kwenye mabwawa, na bendi ya umeme bila umeme unajua mwenyewe.

## Ujana na ujinga

Ni kweli mlikuwa mnashuka Kibosho na baiskeli bila breki?

Kweli. Na sio kwamba zimeharibika, tulikuwa tunazifungua wenyewe kwa spana, tunaziacha kwa mangi wa dukani atutunzie. Mangi alikuwa anaziweka kwenye ndoo ya misumari na hajawahi kuuliza.

Unapanda na pikapu iliyopeleka bidhaa juu, baiskeli imefungwa nyuma, unashushwa kule penye baridi, migomba pande zote, alafu unageuza. Breki ni mguu. Unakanyaga tairi la nyuma na kiatu. Wa kwanza kujaribu alikuwa na kandambili ikayeyuka, kweli imeyeyuka, kisigino kikapata lengelenge kubwa kama yai. Baada ya hapo tukahamia katambuga, na ile unaisikia kabla hujaiona, raba ya tairi kwenye raba ya tairi, inalia alafu inanuka, na ukifika mjini harufu bado iko kwenye suruali. Walkmani ilikuwa moja, anavaa anayeongoza, wengine tunapiga kelele ya wimbo kwa midomo.

Siku ya kuanguka ilikuwa Jumamosi, kumenyesha asubuhi. Kuna kona na kijito, mama mmoja anavuka na mkungu wa ndizi kichwani, hana haraka, na kwa nini awe nayo. Mshkaji wa besi akachagua mfereji badala ya mama. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona baiskeli inaenda peke yake kwenye migomba kama punda aliyekata kamba, yeye kalala kwenye matope anacheka. Alikuwa anacheka kwa sababu alikuwa hajajaribu kuinuka. Alipojaribu ndo tukasikia sauti nyingine.

Mtulinga ulivunjika. Yule mama akatua ndizi zake, akavua kanga ya juu akamfungia mkono kifuani, anafunga huku anatutukana kwa Kichaga, mafundo mazuri kabisa ya mtu aliyelea watoto. Alafu akasimamisha gari. Ile kanga hatukuwahi kuirudisha. Tulienda kumtafuta mara mbili tukamkosa, mara ya tatu hatukwenda, na ukiniuliza nina deni gani Kilimanjaro ndo hilo.

Wazazi walisema nini?

Kwenye ajali, baba yangu alisema neno moja, "Spana," nikamletea, akaifungia kabatini mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Kwenye mziki hawakusema kitu mpaka ile ishu ya kaseti ya kwaya, nimeiweka mwisho.

Mlikuwa mnakunywa na kuvuta?

Wawili ndio, wawili hapana, na hao wawili wa hapana walikuwa na sababu ya kimziki, usicheke. Yule Ian MacKaye wa Minor Threat, kabla ya hapo alikuwa kwenye bendi inaitwa Teen Idles, 1980 wakaenda kupiga San Francisco, na kwa kuwa walikuwa na umri mdogo wa kuuziwa pombe, ukumbi ukawachora alama kubwa ya X mikononi ili baa iwajue. Wakarudi Washington wakawaambia wenye kumbi fanyeni hivi, tuchoreni lakini tuingie. Alama ya katoto kasikoruhusiwa ikawa alama ya mtu asiyetaka. Ndo wakaitwa streti eji, jina la ule wimbo wa sekunde 46.

Sasa piga picha chalii wa Moshi, ana X ya kalamu ya maka mikononi, kwenye harusi ya mjomba wake, anakataa mbege mbele ya wazee. Walimuuliza kama ni Msabato.

Moshpiti ina uhusiano na Moshi?

Hapana, ila tulikuwa tunawadanganya Wazungu kwamba ndio na walikuwa wanaamini. Ni lile duara mbele ya jukwaa watu wanagongana. Linatisha kwa mbali, lakini lina adabu yake: mtu akianguka, mnasimama, mnamnyanyua. Sisi tulilifanya mara moja, watu wanne, kwenye ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki vitano vikavunjika na tukavilipa kidogo kidogo mpaka Pasaka.

## Maswali ya pembeni

Singeli nayo ni hadikoo?

Mimi nasema ni ndugu, ukikataa hatugombani. Spidi hiyo ya mapigo 200 na kitu kwa dakika, imetengenezwa kwenye vyumba vya uswahilini Dar na watoto ambao hakuna aliyewapa ruhusa, wakubwa wanasema sio mziki. Ile lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa singeli ya studio ya Sisso 2017, na 2020 ikatoa albamu ya Duma wale wa Nairobi niliowataja juu. Kwa hiyo kuna mtu mwingine alisikia nilichosikia.

Nina miaka 16, nipo Moshi, nataka kuanzisha bendi. Nianzie wapi?

Anza na mlichonacho, usisubiri vifaa. Greg Ginn alikuwa na kabiashara ka vifaa vya redio alikoanzisha akiwa mtoto, akachukua hilo hilo jina, SST, akaligeuza lebo akatoa rekodi ya kwanza ya Black Flag 1979. MacKaye na wenzake walichukua akiba ya Teen Idles wakaanzisha Dischord 1980, kava za rekodi walikata na kukunja na kubandika gundi wenyewe kwa mikono. Henry Rollins alikuwa anauza aiskrimu Washington kabla Black Flag hawajamchukua kuimba 1981.

Nyuzi mbili tatu nyembamba usiziguse, bana zile nene kwa vidole viwili, umbo lile lile unalisogeza juu na chini, basi. Mpiga dramu mtafute kwenye kwaya, ndiko waliko wazuri. Viti mvitoe nje kwanza.

Nisikilize nini kwanza?

Bad Brains ile ya kaseti. Ukiipenda, rekodi za mwanzo za Minor Threat. Black Flag waache mpaka siku umekasirika.

Mlirekodi? Naweza kupata kopi?

Tulirekodi na huwezi kupata.

Tulikuwa na radio kaseti ya kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kaseti tupu hatuna hela. Mshkaji wa dramu akatoa ya nyumbani kwao, kaseti ya kwaya, ya mama yake. Ukitaka kurekodi juu ya kaseti ya dukani unaziba vile vitundu viwili vya mgongoni, tukaziba kwa karatasi la daftari, tukapiga nyimbo sita. Ilitoka vizuri kushinda sisi wenyewe. Ila nyimbo sita zetu ni dakika nane, kwa hiyo ukisikiliza, tunapiga kelele, tunapiga kelele, gitaa linakwaruza, kaa, alafu sopranu wanaingia katikati ya beti la sifa kama hakuna kilichotokea.

Mama mtu akaiweka Jumapili baada ya ibada, wageni wa jumuiya wako sebuleni.

Hakumpiga. Aliisikiliza mpaka kwaya ilipoingia, akaizima, akamwomba mwanae mkasi. Wiki iliyofuata nimeenda kwao nikakuta ule mkanda umechomolewa wote, umefungwa kwenye miti kuzunguka shamba la maharage nyuma ya nyumba, wa kufukuzia ndege. Unameta. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia vizuri tu, akaniletea kiti tukae pale pale uani. Jioni upepo wa mlimani ukashuka, mkanda ukaanza kuvuma, nyuzi zote kwa pamoja, na mshkaji akanisogelea akaninong'oneza kwamba ule wa kushoto karibu na mparachichi ni wimbo wa tatu.